Kuzidisha kromosomu za saintpaulia ndani ya chupa: mwongozo kamili

Wanaotafuta tetraploidi za maua, yaani mimea yenye seti nne za kromosomu, kwa dawa za kolchisini au orizalini hukwama mahali palepale. Vipande vyote vya jani vinageuka kahawia na kufa ndani ya wiki mbili. Au vyote vinachipua vizuri, vikipimwa vinakutwa ni diploidi vilevile, yaani vyenye seti mbili za kawaida. Au miche miwili mitatu inatoa majani mazito yanayotia moyo, kisha baada ya miezi minne majani mapya yanarudi kuwa ya kawaida.

Karibu kila mara chanzo ni kutoielewa dawa yenyewe. Kemikali hizi hazizidishi kromosomu. Anayezidisha ni seli, maana kabla ya kugawanyika hunakili kromosomu zake zote. Dawa hushika tubulini, protini inayojenga nyuzi za kuvuta kromosomu pande mbili. Nyuzi zisipojengeka, nakala zote hubaki ndani ya seli moja. Seli iliyolala haina kitu cha kuzuiwa, hivyo kwake dawa ni sumu tupu. Ndiyo maana kipande kilichokatwa asubuhi na kulowekwa mchana huwa hakileti kitu.

Mwongozo huu unatumia saintpaulia, ua la milima ya Usambara ambalo Wajerumani huliita Usambaraveilchen. Siku hizi wanauainishaji huliweka ndani ya jenasi Streptocarpus. Linafaa kwa sababu mbili: diploidi yake ina kromosomu 30 tu, na kipande cha jani lake huchipua moja kwa moja kutoka kwenye ngozi ya jani, mara nyingi kutoka seli moja. Hiyo sababu ya pili itatuokoa huko mbele.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukata jani hata moja

Mimea. Mimea mama 4 hadi 6 ya aina moja, yenye afya, na majani 30 hivi ya umri wa kati. Majani ya nje kabisa ni makavu mno, na ya katikati ni machanga mno.

Media (chakula cha vipande ndani ya chupa) ya kuchipusha, kwa lita 1. Unga wa virutubisho wa MS (Murashige na Skoog) wenye vitamini takriban gramu 4.4, sukari gramu 30, homoni za mimea BAP miligramu 1 na NAA miligramu 0.1, agari gramu 7.5, pH 5.8. Tengeneza pia lita 1 isiyo na agari, ndiyo itakayobeba dawa. Chemsha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo) nyuzi 121 kwa dakika 20.

Usafi. Ethanoli asilimia 70, dawa ya kung'arisha nguo yenye hipokloraiti ya sodiamu, Tween 20 (sabuni laini ya maabara), na maji yaliyopita kwenye otoklevu.

Dawa ya kuzidisha. Orizalini safi ya maabara pamoja na DMSO (kiyeyusho chake), au kolchisini.

Vyombo. Kabati la hewa safi, flaski za mililita 250, mashine ya kutikisa, vichujio vya mikrometa 0.22, pipeti ya mikrolita, sahani za petri, koleo ndogo, visu vya upasuaji, hadubini inayofika ukuzaji wa mara 400, karatasi ya alumini.

Kinga. Glovu za nitrili jozi mbili kwa kila mtu, miwani ya usalama, koti la maabara, barakoa ya kuzuia vumbi laini, na chupa yenye kifuniko imara ya kukusanyia maji machafu, iandikwe SUMU kwa herufi kubwa.

## Kolchisini au orizalini?

Kolchisini ndiyo iliyozoeleka, lakini hushika tubulini ya wanyama vizuri kuliko ya mimea. Ndiyo maana kwa mimea huhitajika kwa kiwango kikubwa, asilimia 0.02 hadi 0.1, na ndiyo maana ni hatari sana kwako. Hospitalini hutolewa kwa vipimo vya miligramu moja au chini yake kutibu jongo. Gramu moja unayoishika maabara inatosha kuua watu kadhaa, na haina dawa ya kuitengua inayopatikana kwa kawaida.

Orizalini hushika tubulini ya mimea kwa nguvu, hivyo mikromola 5 hadi 30 kwa lita zinatosha. Kasoro yake ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji na hung'ang'ania ndani ya tishu baada ya kusuuzwa.

Kwa maabara ndogo, hasa yenye wanafunzi wanaoingia na kutoka, anza na orizalini. Hatua zilizo hapa chini zinaifuata hiyo, na vipimo vya kolchisini vimewekwa pembeni yake. Ila usitumie orizalini ya dukani ya kuua magugu. Ina viambato vingine, na hutajua kilichoua vipande vyako ni kipi.

## Maonyo matatu ambayo hayana mjadala

Usipime unga wa kolchisini mbele ya kabati la hewa safi linalopuliza kwa mlalo. Kabati hilo hulinda kipande kwa kusukuma hewa kutoka ndani kuja usoni kwako, na unga utakuja nayo. Njia salama ni kununua kichupa chenye uzito uliokwisha pimwa na kukiyeyusha humohumo kwa bomba la sindano.

Aliyemeza au kuvuta kolchisini apelekwe hospitali hapohapo hata kama anajisikia mzima. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, na akianza kutapika na kuharisha, wakati muhimu umeshapita. Nenda na kibandiko cha chupa.

Maji ya dawa na ya suuzo la kwanza hadi la tatu hayamwagwi kwenye sinki. Orizalini ni sumu kwa viumbe wa majini. Yakusanywe na kukabidhiwa kwa anayeruhusiwa kuteketeza taka za kemikali.

## Hatua ya 1: Hakikisha mmea mama ni diploidi

Hatua hii hurukwa mno. Saintpaulia nyingi za vitaluni ni diploidi, lakini kuna zilizokwisha kuwa tetraploidi. Ukizidisha hizo unapata kromosomu 120: mche uliodumaa, majani yaliyokunjamana, maua ya kuhesabu au yasiwepo. Hesabu kromosomu za mmea mama kwa njia iliyoelezwa Hatua ya 9. Zikiwa 30, endelea.

Epuka pia aina zenye mistari ya rangi inayotoka katikati ya ua kama miali ya gurudumu. Mistari hiyo inatokana na tabaka za seli zenye asili tofauti ndani ya mmea mmoja. Ukiuotesha kwa jani mistari hupotea, dawa iwepo isiwepo.

Na usichimbe mmea porini. Saintpaulia za Usambara, za Taita na za maeneo mengine ya Tanzania na Kenya hukaa katika vikundi vidogo, pengine kwenye jabali moja lenye kivuli, na misitu inayozifunika inazidi kukatwa. Mtu mmoja mwenye kisu anaweza kumaliza kikundi kizima. Mmea wa kitaluni unatosha kabisa kwa kazi hii.

Wiki mbili kabla ya kukata, mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani cha chini tu. Nywele za jani hunasa vumbi na mbegu za ukungu, na jani likilowa juu kila siku hakuna dawa itakayolisafisha.

## Hatua ya 2: Safisha majani

1. Osha majani chini ya bomba kwa dakika 20, na tone la sabuni ya maji.
2. Chovya kwenye ethanoli asilimia 70 kwa sekunde 30. Ikizidi dakika moja, kingo hugeuka kahawia.
3. Loweka kwenye hipokloraiti ya asilimia 1 yenye matone 2 ya Tween 20 kwa kila mililita 100, dakika 10, huku ukitikisa. Soma kibandiko cha chupa: ikiwa ni asilimia 3.5, sehemu 1 ya dawa na sehemu 2.5 za maji hutoa asilimia 1.
4. Suuza mara tatu kwa maji safi ya otoklevu, dakika 5 kila mara.

Kutikisa si pambo. Nywele hushika viputo vya hewa, na pale penye kiputo dawa haigusi. Ukiona jani linang'aa kama fedha ndani ya maji, hiyo ni hewa. Tikisa mpaka mng'ao uondoke.

## Hatua ya 3: Kata na uamshe seli kwa siku 7

Kata kingo zilizoungua, kisha kata vipande vya milimita 7 kwa 7, kila kimoja kikiwa na kipande cha mshipa. Laza upande wa chini wa jani ukigusa media yenye agari. Weka nyuzi 24, mwanga saa 16 kwa siku, siku 7.

Andaa vipande 250. Utahitaji 210, na baadhi vitaota ukungu.

Siku saba hizi ndizo zinazotenganisha jaribio lililofaulu na lililoshindwa. Homoni za kwenye media huamsha seli za ngozi ya jani zianze kugawanyika. Ukiloweka siku ya kwanza, seli bado zimelala. Ukisubiri wiki tatu, vichipukizi vyenye seli nyingi vimeshajijenga, na dawa itagusa baadhi ya seli zake tu. Hapo ndipo mchanganyiko wa diploidi na tetraploidi huzaliwa.

Ishara ya kufaulu: siku ya saba kipande ni kijani, kimejikunja kidogo kama chapati inayoanza kuiva, na ukingo uliokatwa umevimba kidogo. Ukiangalia kwa lenzi usione bado vinundu vya machipukizi. Kikiwa kimelala bapa vilevile, kipe siku mbili tatu za ziada.

## Hatua ya 4: Tengeneza dawa

Orizalini. Pima miligramu 17.3, yeyusha kwenye mililita 5 za DMSO. Hiyo ni akiba ya milimola 10 kwa lita. Ichuje kwa kichujio cha nailoni au PTFE. Kichujio cha selulosi asetati au selulosi nitrati huyeyushwa na DMSO, na watu hushangaa kwa nini kimeachia katikati ya kazi.

Weka media ya maji iliyopoa mililita 100 kwenye kila flaski, kisha:

- Flaski A: akiba mikrolita 50, DMSO tupu mikrolita 250 (mikromola 5)
- Flaski B: akiba mikrolita 150, DMSO tupu mikrolita 150 (mikromola 15)
- Flaski C: akiba mikrolita 300 (mikromola 30)
- Flaski D: DMSO tupu mikrolita 300, bila orizalini

Kila flaski sasa ina DMSO asilimia 0.3. Usawa huo ni wa lazima, kwani bila huo hutajua kama vipande vya C vimeuawa na orizalini au na DMSO.

Dondosha taratibu huku ukizungusha flaski. Ukimimina kwa mkupuo, orizalini huganda na maji yanakuwa na ukungu mweupe. Flaski iliyofanya ukungu itupwe kwenye chupa ya taka, kwa sababu kiwango chake halisi hakijulikani tena.

Kolchisini. Chukua kichupa cha miligramu 250. Ingiza maji mililita 5 kwa bomba la sindano, tikisa, hamishia kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Suuza kichupa mara nne zaidi kwa mililita 5 kila mara, ukimimina humohumo. Una mililita 25 za akiba ya asilimia 1. Chuja. Kisha tia mililita 2, 5 na 10 za akiba kwenye flaski tatu na ujazie media hadi mililita 100: umepata asilimia 0.02, 0.05 na 0.1. Flaski ya nne iwe media tupu. Fungia karatasi ya alumini, maana mwanga huiharibu kolchisini.

## Hatua ya 5: Loweka

Tia vipande 60 kwenye kila flaski ya dawa, 30 kwenye ile isiyo na dawa. Tikisa polepole, mizunguko 80 kwa dakika, gizani, nyuzi 24. Baada ya saa 24 toa nusu ya vipande kutoka kila flaski. Vilivyobaki vitolewe saa 48.

Hivyo kwa flaski nne umepata vipimo sita vya dawa na viwili vya kulinganishia. Usijaribu kipimo kimoja ulichokisoma mahali na kukiamini. Aina moja ya saintpaulia inaweza kustahimili kiwango kinachoua nyingine, na unene wa jani peke yake hubadilisha kiasi kinachoingia.

Saa 24 zinatosha kukamata seli nyingi zikiwa kwenye mgawanyo. Muda ukizidi sana, seli iliyokwisha zidishwa inaweza kujaribu kugawanyika tena ikiwa bado ndani ya dawa na kuzidishwa mara ya pili.

## Hatua ya 6: Suuza, rudisha, hamisha tena

Suuza mara tatu kwa media ya maji isiyo na dawa, dakika 15 kila mara kwa orizalini, dakika 5 kwa kolchisini. Kausha kidogo juu ya karatasi safi ya kuchujia na urudishe kwenye media yenye agari, upande uleule chini.

Baada ya siku 7 hadi 10 hamishia vyote kwenye media mpya. Orizalini hupenda mafuta kuliko maji na huvuja polepole kutoka kwenye tishu. Ukiacha vipande palepale, vinaendelea kunywa dawa uliyodhani umeisuuza.

Katika wiki mbili za kwanza utaona vipande vya dawa vikivimba, ukingo ukiwa mnene na wa mviringo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi ya kijani iliyopauka. Usivitupe. Uvimbe huo ni ushahidi kwamba dawa imefika kwenye seli.

## Hatua ya 7: Hesabu walio hai wiki ya nne

Kwa kila kipimo andika vipande vilivyo hai na vilivyokufa. Vilivyooza kwa ukungu visihesabiwe upande wowote.

Kipimo cha kutumainia ni kile kilichoua kati ya theluthi moja na nusu ya vipande. Vyote vikiwa hai na kijani kama vya flaski D, dawa haikufanya kazi, hata kama unaona raha kuviangalia. Vikifa zaidi ya tisa kwa kumi, vichache vilivyobaki mara nyingi ni vile ambavyo dawa haikuvifikia.

Machipukizi ya flaski D huanza kuonekana wiki ya nne hadi ya sita. Ya dawa huchelewa wiki mbili hadi nne zaidi. Kuwa na subira hapa, kwa sababu yanayotoka mapema kabisa kwa kawaida ni diploidi, na anayechagua kwa kasi anachagua yasiyozidishwa.

## Hatua ya 8: Tenganisha na utie namba

Chipukizi likifika sentimita 1 na majani matatu, likate peke yake na ulihamishie kwenye MS isiyo na homoni, ambapo litatoa mizizi. Lipe namba inayobeba kila kitu: B24-17-3 ni flaski B, saa 24, kipande cha 17, chipukizi la 3.

Usiache kichaka kizima kikue pamoja na usizidishe chochote kabla ya kupima. Machipukizi matano ya kipande kimoja yanaweza kuwa tetraploidi mawili, diploidi mawili na mchanganyiko mmoja. Ukiyaunganisha, umepoteza kazi ya miezi mitatu kwa dakika moja.

Namba ya kipande ni muhimu pia kwenye hesabu. Tuseme kipimo B24 kilikuwa na vipande 30, na umepata tetraploidi 6, lakini 5 kati yake zimetoka kipande cha 17. Huenda zote tano ni uzao wa tukio moja. Sema kuwa vipande 2 kati ya 30 vimetoa tetraploidi. Na gawanya kwa vilivyolowekwa, si kwa vilivyobaki hai, la sivyo kipimo kinachoua sana kitaonekana bora kuliko kilivyo.

## Hatua ya 9: Pima, usikisie kwa macho

Jani nene, la kijani kilichokolea na lenye umbo la mviringo zaidi ni dokezo tu. Mabaki ya dawa huleta sura hiyohiyo kwa miezi kadhaa, kisha huisha. Ndiko inakotoka ile miche ambayo watu husema imerudi nyuma, wakati haikuwahi kwenda mbele.

Mchujo wa kwanza: stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa. Subiri jani lililoota angalau miezi mitatu baada ya dawa. Kwa koleo ndogo menya ngozi ya upande wa chini, ilaze kwenye slaidi na tone la ayodini, funika. Rangi ya kucha inayotumika kwa mimea mingine haifai hapa, kwa kuwa nywele huinua utando wake.

Kwenye ukuzaji wa mara 400 utaona midomo miwili ya kila stomata na ndani yake chembe ndogo nyeusi: ni kloroplasti ambazo wanga wake umeshika ayodini. Pima urefu wa stomata 30 na hesabu kloroplasti kwenye seli 20. Weka slaidi ya diploidi ya flaski D pembeni. Kwa tetraploidi urefu huwa mara 1.2 hadi 1.5, kloroplasti ni nyingi zaidi waziwazi, na stomata zimeachana kwa mbali. Ukiona kwenye jani moja eneo la stomata kubwa na jingine la ndogo, huo ni mchanganyiko.

Mchujo wa pili: DNA. Palipo na saitomita ya mtiririko, mashine inayopima DNA ya seli moja moja, katakata kipande cha jani changa kwa wembe mpya ndani ya bafa, chuja, tia rangi ya DAPI na upime. Rekebisha mashine ili kilele cha diploidi kikae kwenye 200, nacho cha tetraploidi kitatua kwenye 400. Kumbuka kwamba hata diploidi halisi hutoa kilele kidogo kwenye 400, kwa sababu kuna seli zilizokwisha nakili kromosomu na zinangoja kugawanyika. Kilinganishe na cha flaski D kabla ya kutangaza mchanganyiko.

Uthibitisho: kuhesabu kromosomu. Kata ncha za mizizi asubuhi. Loweka kwenye hidroksikwinolini-8 ya milimola 2 kwa saa 4, hifadhi seli kwa ethanoli na asidi ya asetiki 3:1 kwa saa 24, lainisha kwa asidi ya hidrokloriki ya 1 N nyuzi 60 kwa dakika 8 hadi 10, tia rangi ya aseto-orsini, bonyeza. Kromosomu za saintpaulia ni ndogo sana, kama vumbi la chaki. Hesabu seli 10 zilizotawanyika vizuri. Unatafuta 60.

Kwa nini njia zaidi ya moja? Kwa sababu mmea una tabaka. Stomata zinakueleza habari za ngozi ya nje tu. Mizizi hutokana na tabaka za ndani. Mche unaweza kuwa na ngozi ya tetraploidi na kiini cha diploidi, na kila kipimo kikikaa peke yake kitakwambia ukweli nusu. Mbegu pia hutoka tabaka za ndani, kwa hiyo anayetaka kuchavusha asitosheke na stomata.

## Hatua ya 10: Okoa michanganyiko

Usitupe mche mchanganyiko. Chukua majani yake, yakate na uyaoteshe upya kama Hatua ya 2 na ya 3, safari hii bila dawa yoyote. Chipukizi la saintpaulia mara nyingi huanzia kwenye seli moja ya ngozi, na seli moja haiwezi kuwa mchanganyiko. Machipukizi ya duru hii hujitenga: haya diploidi kamili, haya tetraploidi kamili. Kata vipande kutoka maeneo yenye stomata kubwa, na pima angalau machipukizi 20.

Duru hii huchukua miezi mitatu na mara nyingi hutoa tetraploidi nyingi kuliko duru ya dawa. Kwa mimea inayochipua kwenye vikonyo au vifundo, kama waridi au karafuu za mapambo, njia hii si rahisi hivyo, kwa sababu chipukizi hubeba tabaka zote za mama.

## Hatua ya 11: Toa nje na ungoje maua

Osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu. Panda kwenye unga wa makumbi ya nazi uliosuuzwa chumvi, uchanganywe na perlaiti kiasi sawa. Funika kwa plastiki wiki mbili hadi tatu, ukifungua kidogo zaidi kila siku tatu. Maji yawe ya joto la chumba, kwani maji ya baridi yakidondokea jani la saintpaulia huacha madoa ya njano yasiyofutika.

Tetraploidi hukua polepole kuliko ndugu zake. Usiiongezee mbolea kuilazimisha. Majani yake mazito hukatika kwa urahisi kwenye kikonyo, hivyo yapange kwa nafasi.

Panda diploidi 10 za flaski D siku hiyohiyo, meza ileile. Maua yakifunguka, pima kipenyo cha maua 10 kwa kila mche, hesabu maua kwa kila shada, na andika ua lilidumu siku ngapi. Kwa kawaida ua la tetraploidi ni pana na nene, lakini maua ni machache na huchelewa. Mnunuzi wa vyungu hununua shada lililojaa. Tetraploidi yenye maua mawili makubwa inaweza isiuzike, lakini ikawa mzazi mzuri.

## Ukikwama, anzia hapa

Vyote vimekufa, hata vya flaski D. Si dawa. Angalia muda wa hipokloraiti, DMSO, na kama flaski ilitikiswa kwa nguvu hadi ikaponda vipande.

Flaski D iko salama, A hadi C zimekufa. Shuka hadi mikromola 1, 2.5 na 5, kwa saa 24 tu.

Vyote hai, vyote diploidi. Kwanza rekebisha siku za kuamsha seli, ndipo uguse kiwango. Kisha hakikisha maji ya dawa hayakufanya ukungu.

Vimevimba lakini havichipui baada ya wiki kumi. Hamishia kwenye media mpya na upunguze BAP hadi miligramu 0.5. Visipochipua wiki nne zaidi, toa.

Machipukizi meupe au yenye mabaka. Dawa hizi zinaweza kuharibu zaidi ya nyuzi, na baadhi ya seli hubaki na kromosomu pungufu au za ziada, 57 au 63 kwa mfano. Hesabu kabla ya kuutunza mche wa ajabu kwa matumaini.

Tetraploidi iliyothibitishwa, mwaka mmoja baadaye inaonekana ya kawaida. Pima tena kwa stomata na kwa mizizi. Ikiwa kipimo cha kwanza kilikuwa cha tabaka moja, rudi Hatua ya 10 ukiwa na jani lililobaki nene, na tunza nakala tatu za kila namba, moja ndani ya chupa na mbili kwenye vyungu tofauti.